Ukuta Alioubomoa Sheftravo

Meno yake ya upande wa kushoto yalikuwa yamelika mpaka karibu na ufizi, na kilichoyala ni udongo. Aliutafuna. Udongo wa shimo la choo, wa kando ya barabara, wa shamba la mtu, wowote aliokutana nao aliuokota, akautia mdomoni, akafumba macho. Ukikwaruza, una mchanga mwingi. Ukinata kwenye meno, ni wa mfinyanzi, utapasuka ukikauka. Ukinuka aliutema na kutuangalia siye, kama vile ndio tuliouozesha.

Tulimwita Sheftravo. Ndicho cheo alichokuwa nacho chuoni, kile kilicho juu ya asistan na chini ya profesa, na alikaa nacho mpaka kichwa kikawa cheupe, huku watu aliowafundisha yeye mwenyewe wakimpita na kuitwa maprofesa. Somo lake lilikuwa kuchora na kujenga nyumba zisizomaliza msitu: kuta za udongo usiochomwa, madirisha yaliyopangiwa upepo, maji ya mvua yenye njia na mahali pa kukaa. Hapa Bunia, kila mwenye nafasi kidogo anataka matofali ya kuchoma, simenti, na manjanja, yale mabati mapya yanayong'aa juu ya paa. Kwa hiyo lilikuwa somo la kuchekwa. Ndugu zangu waliniuliza kama kweli mimi, mtoto wa kike, natoka asubuhi na begi mgongoni kwenda univesite kujifunza kukanda potopoto.

Waache wacheke. Mimi nilikuwa na haja, na ni vizuri niiseme mapema, mtu asije akaona namsema mzee wa watu bure. Tangu tulipokimbia kijiji chetu upande wa Djugu, mama yangu alikuwa analala jikoni kwa kaka yake, huku Mudzipela. Nasema jikoni, sisemi chumba cha karibu na jiko. Mafiga yako hapa, mkeka wake uko hapa, na asubuhi anauviringisha ili wake wa nyumba wapike. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Mjomba, kwa huruma yake, alitukatia pembe ya kiwanja na kuahidi manjanja siku kuta zitakapokuwa tayari. Na kwetu katika fakilte, travay ya mwisho, kazi ya kufungia masomo, haikuwa ya karatasi peke yake. Ulijenga nyumba ya kweli, ya chumba kimoja au viwili, na juri ya walimu ikaja kuikagua ikiwa bado haina paa. Nikaweka mambo mawili pamoja: nyumba ya kupatia diploma iwe ndiyo nyumba ya mama. Nilijiona nina akili sana. Msimamizi niliyepewa ni Sheftravo, maana yake diploma yangu na kitanda cha mama vilikuwa kwenye mkono mmoja, na mkono huo ni wa mtu ambaye sasa nitamweleza.

Alikuwa na swali moja: "Nani alikuambia?" Umesimama mbele ya oditwari nzima, darasa lote, kwenye ule ukumbi wenye joto la kupasua kichwa, unaeleza kwa nini dirisha lako linaangalia mashariki. "Nani alikuambia?" Unasema umesoma kitabuni. "Kitabu ilishalalaka mu hii nyumba?" Watu wanacheka, unakaa. Wiki inayofuata mwenzako anajitia ujanja, anasema hakuambiwa na mtu, ameona kwa macho yake. "Na macho yako, nani aliyaambia?" Hapo hakuna pa kutokea. Nimewahi kumwona kijana mwenye mke na watoto, mwalimu wa shule ya msingi, akilia kimya huku anakunja michoro yake, na Sheftravo akimngoja amalize kukunja ili amwite anayefuata.

Kulikuwa na mwenzetu, binti wa wafanyabiashara waliohamia huku kutoka Butembo, msichana nadhifu, kucha zimepakwa rangi, viatu havijui tope. Sheftravo alimchukulia udongo kutoka kwenye mtaro nyuma ya ukumbi.

"Onja."

"Sheftravo, pale watu wanakojoa."

"Muzuri. Basi utatuambia kama iko na chumvi."

Alionja. Machozi yalimtoka, lakini alitafuna, na akasema kwa sauti ndogo kwamba mchanga ni mwingi, hautashika. Alikuwa sahihi. Sheftravo akaitikia kwa kichwa na kuendelea na somo kama mtu aliyeazima kalamu na kuirudisha. Msichana yule hakumaliza mwaka. Leo anauza vigae na rangi kwenye duka la baba yake, ana gari zuri, na nikimtaja Sheftravo anaanza kuniuliza habari za watoto.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa bahasha. Hapana, na kwa haki nalisema, maana tumesoma chini ya watu ambao pointi zao zilikuwa na bei, na wengine bei yenyewe siwezi kuitaja mbele ya mabinti. Huyu hakushika pesa ya mtu wala mkono wa msichana. Siku za risasi, barabara zikifungwa na walimu wengine wote wakijificha makwao, yeye alikuja kwa miguu na mwavuli wake mweusi, akafundisha wanafunzi watatu kwa nguvu zilezile za kufundisha mia. Lakini hata usafi wake aliufanya kuwa fimbo. Wazazi wa mwenzetu mmoja walitoka Mahagi-Port na kapu la samaki waliokaushwa kwa moshi, samaki wakubwa wa ziwani, wakaomba mtoto wao aangaliwe kwa jicho la huruma. Aliwapokea vizuri mno. Aliagiza bugali, akatuita darasa zima, akawakalisha wazazi katikati, tukala wote, akasifu samaki mpaka mama yule akaona aibu ya furaha. Halafu akanawa, akafungua michoro ya mtoto wao palepale, mbele yao, akaonyesha kosa baada ya kosa, akaandika sifuri. Baba aliondoka na kapu tupu kichwani. Siye tulikuwa bado tunajilamba vidole.

Mara moja alituchukua mpaka Kpandroma kwa kamyo, tukaone nyumba za zamani za huko juu kwenye baridi. Nilimwona mtu mwingine kabisa. Kulikuwa na mama mzee, kuta za nyumba yake nene, unaingia unasikia joto la moto wa jana bado limo ndani. Sheftravo alivua kofia mlangoni. "Mama, utaniruhusu nishike nyumba yako?" Mama akacheka, akamwambia ashike tu. Akaweka kiganja ukutani, akauliza nani alikanda udongo, ulilala siku ngapi kabla ya kukandwa, walichanganya majani gani. Akasikiliza kila jibu hadi mwisho, bila kumuuliza nani alikuambia. Wakati wa kuaga alimchotea maji ndoo mbili. Nikajisemea, kumbe moyo anao, tatizo ni kwamba siye hatumo. Tukirudi, mmoja wetu alishikwa na malaria, anatetemeka, anatapika pembeni ya kamyo. Sheftravo alimwambia akitapika tena atashuka. Akatapika tena. Akamshusha Nizi, kwenye mji wa wachimba dhahabu ambapo hakujua mtu. Tulimwomba, tukamshika hata mkono. Alisema gari si zahanati, ndani kuna watu wenye mitihani kesho. Tulichangishana tukamwachia mgonjwa hela ya pikipiki, na kweli mitihani ilikuwa kesho.

Na huyu mtetezi wa udongo, unajua alikuwa anakaa wapi? Kwenye nyumba ya bloku za simenti, dari la plastiki, joto kama ndani ya sufuria. Mwenzetu alipothubutu kumuuliza, hakukasirika. "Ile ni nyumba ya bibi yangu. Alikataa kuolewa mu potopoto." Alisema vile bila kutabasamu. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi, nakiri, kwa sababu nilimwona anapita mbele ya tanuru la matofali, anaangalia magogo ya karatusi yaliyorundikwa yakingoja moto, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita mbele ya msiba. Mtu mwenye uchungu wa miti kiasi kile, na mke wake mwenyewe hakumwamini.

Kitu kimoja tulikiogopa kuliko maneno yake. Nyuma ya gari lake chakavu alikuwa na baramini, ule mtaimbo mrefu wa chuma wanaotumia wachimba dhahabu. Juri ilipokwenda kukagua travay za mwisho, baramini ilikwenda pia. Si kila nyumba iliguswa. Nyingine aliipigapiga kofi, akaandika pointi, akapita. Nyingine alisimama mbele yake, akaenda kwenye gari kuchukua chuma kile, na ukuta ukaenda chini. Kwa nini hii na siyo ile, hakuna aliyejua. Tulipiga ramli za kila aina. Wengine walisema ni kabila, wengine wakasema ni dini, na kila mara alibomoa ya mtu ambaye aliziharibu ramli zetu zote.

Basi nikajenga. Mama alikanyaga udongo ule kwa miguu yake mwenyewe, kitenge kimefungwa juu ya magoti, anaimba nyimbo za kanisani, anapumzika kukohoa, anaendelea. Maji alichota yeye, nikimkataza ananiambia nyamaza weye, hii ni yangu. Matofali tuliyafunika majani yakauke polepole. Nilifanya kila kitu kama alivyotaka Sheftravo, na pale asipokuwa amesema nilifanya kama yule mama wa Kpandroma. Kuta zilipopita usawa wa kichwa, mama alianza kuingiza kiti chake ndani kila mchana. Hakuna paa, hakuna mlango, jua linamchoma utosini, yeye amekaa katikati ya chumba anachambua maharage.

"Mama, uko unafanya nini humo?"

"Niko kwangu."

Siku ya juri walianza na mwenzangu wa mtaa wa pili. Ukuta wake ulikuwa umeegemea kama mlevi, nyufa unaweza kuingiza kidole. Sheftravo aliupiga makofi mawili, akamwandikia pointi za kupita, akampa mkono. Moyo wangu ukatulia. Kama huyu amepita, mimi nina wasiwasi wa nini?

Walipofika kwetu mama alikuwa amepika: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Wakala kwanza, ndiyo desturi, mgeni hakagui na njaa. Sheftravo alirudia sombe. "Mama, hii sombe yako iko muzuri, mafuta iko ya kutosha." Mama alifurahi, akaniangalia. Halafu mzee akaingia kwenye nyumba yangu. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akamenya kipande akatafuna, akasugua kwa kitambaa kilicholowa, akaangalia kona kwa jicho moja. Alichukua muda mrefu kuliko kwenye nyumba zote za siku ile. Nilimwona anatikisa kichwa peke yake, kile kichwa cha kukubali. Kisha akaenda kwenye gari.

Kiti cha mama kilikuwa bado ndani. Alikitoa yeye mwenyewe. Alikifuta vumbi kwa leso yake, akakiweka kivulini, akamwambia mama kwa adabu yote: "Mama, ikala hapa. Mavumbi itakusumbua." Mama akakaa, akidhani ni sehemu ya ukaguzi. Profesa mmoja wa juri, kijana kwake, alisema kwa sauti ya kubembeleza, "Kolega, labda tuzungumuze kwanza." Sheftravo akamuuliza nani anasimamia travay hii. Profesa akarudi kivulini. Baramini ikaingia kwenye kona, mzee akaegemea na uzito wake wote, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ukuta haukutaka. Ilibidi avue koti. Ukuta mrefu ulipoanguka ulivuta nusu ya ule wa pili.

"Anza tena," akaniambia.

"Kosa iko wapi, Sheftravo?"

"Tafuta."

Akanawa kwenye beseni la mama, akamshukuru kwa chakula, wakaondoka. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi, nimechanganyikiwa hata kulia sikuweza. Aliyenifariji ni mama. Aliniambia, "Atakuwa aliona kitu, mutoto wangu. Ni mutu alisoma. Bora ianguke leo, siko ndani." Nilimchukia yule mzee kwa mambo mengi, lakini kwa neno lile la mama nilimchukia zaidi, maana mama alimwamini.

Mvua ikaanza. Udongo haukauki kwenye mvua, kila mtu anajua, na yeye alijua kuliko wote. Matofali yangu mapya yalikaa chini ya maturubai yakiwa laini, na mama akarudi kuviringisha mkeka wake kila asubuhi ili watu wapike. Kile kifua kikawa si filimbi tena. Kwenye zahanati walisema aondolewe kwenye moshi. Tumpeleke wapi? Nyumba ya mjomba ilikuwa imejaa wakimbizi wa ukoo, watu wanalala mpaka chini ya meza. Alipokuwa hawezi tena kusimama, aliniuliza ukuta umefika wapi. Nikamwambia umefika mabegani. Ulikuwa magotini. Tulimzika kabla sijafika mabegani.

Sheftravo alikuja msibani. Alikaa nyuma kwenye benchi la wanaume, mwavuli kati ya magoti, na kabla ya kuondoka nilimwona amepitia kwenye pembe ya kiwanja na kuangalia ukuta. Baadaye, kwenye mitihani ya marudio, juri ilikuja tena, kuta zikiwa zimekamilika. Alinipa pointi ambazo hakuwahi kumpa mtu. Wenzangu walinimwagia poda kichwani kama desturi, wakapiga kelele za furaha, nami nikatembea mweupe mpaka kwa mjomba na kukaa jikoni peke yangu.

Tangu siku ile nilitafuta. Alisema tafuta, nami nilitafuta kama mwendawazimu. Matofali ya ukuta wa kwanza niliyapasua moja moja, nikayalowesha, nikayapima, nikayatafuna. Nimejenga madarasa, zahanati, nyumba za watu, na kila ukuta niliosimamisha nilikuwa nauliza kosa lile liko wapi, lisije likarudi kumuua mtu. Usingizi wangu mwingi umekwenda huko. Nilijiambia kama kosa lilikuwepo, basi mama hakufa bure. Hiyo ndiyo dawa niliyokunywa miaka yote hii.

Mwaka huu akaja. Amestaafu sasa, bado Sheftravo, hawakumpa kingine. Nyumba ya mama anakaa dada yangu mdogo na watoto wake. Siku hiyo walikuwa sokoni, mimi nilikuwa natengeneza mfereji wa maji ya paa. Pikipiki ikasimama, akashuka polepole, amevaa koti kubwa ingawa jua ni kali. Hatukuwa tumesemezana tangu chuo. Alinisalimia, akaomba kuangalia. Akazunguka nyumba nzima, akaingia, akabonyeza kona kwa kidole gumba, akakaa kwenye kiti cha dada yangu akihema.

"Iko muzuri," akasema. "Mu hii muji yote sikuonaka ukuta ya vile."

Nilifurahi. Nasema ukweli, moyo uliniruka kama wa mtoto, na papo hapo nikajichukia. Nikaona ni sasa au sitauliza tena.

"Sheftravo, ile ukuta ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

Aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Kosa? Haikuwa na kosa."

"Na juu ya nini uliibomoa?"

"Wale wenzako, ukuta zao zilikuwa mubaya, niliwaachia. Mutu mwenye hawezi kujenga mara mbili, utamubomolea ya nini? Unamupatia pointi yake anaenda. Weye niliona. Niliona weye utajenga tena, na ya pili itapita ya kwanza." Akapiga ukuta kofi jepesi. "Sikukuwa na wengi ya kubomolea, weye unajua? Miaka yote ile, hawakujaza mukono moja."

Aliyasema kwa upole. Alikuwa ananipa zawadi, na aliichukulia pikipiki kuniletea.

"Mama alifia mu jikoni akiingoja," nikamwambia. "Alikuwa na kifua. Weye ulikula sombe yake."

"Nakumbuka. Ilikuwa sombe muzuri." Akageukia ukuta. "Nilisikitika juu yake. Lakini angalia weye mwenyewe, bila kilio. Hii haipite ile?"

Nikaangalia. Ndiyo kazi yangu, siwezi kuangalia ukuta na kujidanganya. Unaupita. Kona zake zimenyooka zaidi, umeshika zaidi, hauna hata ufa mmoja baada ya mvua zote hizi. Nilitamani uwe na ufa. Nilitamani kitu chochote cha kumwonyesha, na hakikuwepo.

"Toka mu nyumba ya mama yangu," nikamwambia.

Hakubishana. Aliinuka kwa shida, akafunga vifungo vya koti, akatoka mpaka kwenye pikipiki. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, nikamsikia anamwambia yule kijana wa pikipiki, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya baba kwenye harusi:

"Umeona ile nyumba? Na ule mwanamuke mu mulango? Ule ni mwanafunzi yangu."